Mfanyakazi akiridhika anachapa kazi zaidi, au tunadanganyana?

Fundi Kigoda: Wakuu, siku hizi kila kikao kazini ni furaha ya wafanyakazi, eti ukimridhisha mtu kazi itajipa yenyewe. Mimi nasimamia watu kumi na mmoja. Aliyeridhika kuliko wote anachelewa kuingia, anapiga soga, anawahi kutoka. Kwa nini asiridhike? Aliyenuna mwaka mzima ndiye ninayemkabidhi kazi isiyotakiwa kuharibika. Sasa naomba kueleweshwa: kuridhika kunaleta kazi nzuri kweli, au ni maneno ya hawa wa utumishi ambao shughuli yao ni kugawa dodoso na kupiga picha za pamoja?

Nusu Mkeka: Swali la wazee hilo. Mwaka 1955 Wamarekani wawili, Brayfield na Crockett, walipitia tafiti zilizokuwepo, wakakuta uhusiano kiduchu. Mwaka 1985 wengine wakajumlisha upya wakapata 0.17, kwenye kipimo ambacho 0 ni hakuna uhusiano na 1 ni uhusiano kamili. Unyoya mtupu. Mada ifungwe.

Mama wa Mafaili: Usifunge mada ya watu. Mwaka 2001 Judge na wenzake walikusanya sampuli 312, watu zaidi ya 54,000, ikatoka 0.30. Hiyo umeiruka makusudi au ulisinzia?

Nusu Mkeka: Sijasinzia, mama. Zidisha 0.30 kwa 0.30 unapata 0.09. Yaani katika tofauti zote za utendaji, asilimia 9 tu ndiyo inatembea na kuridhika. Nyingine 91 zitafuteni kwingine.

Mama wa Mafaili: Na hao hao walikuta kwenye kazi za kuumiza kichwa inapanda hadi 0.52. Inaeleweka. Kwenye mkanda wa kiwandani mwendo unapangwa na mashine, ucheke ulie vitu vinatoka vile vile. Kwenye kazi ya kufikiri, ukikasirika unabaki na mawazo yako kichwani na hakuna atakayejua.

Afisa Asiyelala: Mimi namrudia mleta mada. "Kugawa dodoso na kupiga picha." Niko utumishi mwaka wa kumi na nne. Bosi akitaka kumfukuza mtu kwa hasira za asubuhi, nani anamkalisha chini? Likizo zenu nani anazifuatilia? Mkiugua barua mnamletea nani? Halafu mtu anakuja hapa na watu wake kumi na mmoja kututukana.

Fundi Kigoda: Pole, sikukulenga wewe.

Zamu ya Usiku: Mimi namlenga. Afisa, tuzungumze hilo dodoso. Juu limeandikwa SIRI kwa herufi kubwa, chini linauliza idara, jinsia, umri na miaka uliyofanya kazi. Idara yetu tuko wanne, mwanamke ni mimi peke yangu. Nikaandika ukweli kwamba taa zinaniumiza macho na msimamizi hasikii. Wiki iliyofuata msimamizi ananiuliza, kwa tabasamu, "Kumbe taa zinakusumbua?" Tangu siku hiyo kila kisanduku naweka vema kwenye "nimeridhika sana."

Afisa Asiyelala: Huo ni uzembe wa mahali pako. Kwetu kundi lisilofika watu kumi matokeo yake hayatolewi.

Zamu ya Usiku: Kwenu, kwenu. Na sisi tuliambiwa hivyo hivyo.

Mama wa Mafaili: Ngojeni kidogo. Kama watu wanajaza uongo kwa woga, hizo 0.17 na 0.30 zinapima nini?

Nusu Mkeka: Mama, leo umekuja upande wangu.

Mama wa Mafaili: Sijaja popote. Wewe ndiye uliyesema unyoya kwa uhakika wote.

Mjukuu wa Karani: Dada wa zamu kanikumbusha ule utafiti wa kiwanda cha Hawthorne wa kule Uingereza. Waliongeza taa kazi ikapanda, wakapunguza taa kazi ikapanda tena! Kumbe watu walifurahi kuangaliwa tu. Labda na wewe ungefurahi kuangaliwa 😂

Zamu ya Usiku: Niliangaliwa. Sikufurahi.

Mama wa Mafaili: Uingereza wapi, bwana? Karibu na Chicago, kiwanda cha vifaa vya simu, 1924 hadi 1932. Na waliozifukua takwimu za zile taa miaka ya karibuni hawakuukuta huo muujiza unaosimuliwa.

Kikombe Kitupu: Mmeruka jambo. Lawler na Porter waliligeuza hili swali mwaka 1967: huenda kazi nzuri ndiyo inatangulia, inaleta malipo na heshima, na hizo ndizo zinamridhisha mtu. Mnyororo ukikatika katikati, mtu anachapa kazi na kununa vile vile. Kigoda, huyo wako aliyenuna, mara ya mwisho alipata nini kwa hizo kazi zisizotakiwa kuharibika?

Fundi Kigoda: Ndugu, usinigeuze mnyonyaji. Mishahara sipangi mimi.

Kikombe Kitupu: Sijataja mshahara.

Fundi Kigoda: Umeutaja kwa kuzunguka. Mimi natoka kazini wa mwisho, usinifundishe kusimamia watu.

Afisa Asiyelala: Ona sasa, nawe umechomwa. Ndivyo nilivyojisikia juu pale.

Nusu Mkeka: Jamani, tulikuwa kwenye asilimia 9.

Zamu ya Usiku: Afisa bado hajajibu. Kama ni siri, umri wangu wa nini?

Afisa Asiyelala: Ili tujue vijana wanaondoka kwa sababu gani na wazee wanabaki kwa sababu gani. Bila hivyo tunapata wastani usiosema kitu. Lakini idara ya watu wanne haikutakiwa kuulizwa hayo, hilo nakubali.

Fundi Kigoda: Nimerudi. Leo nimemwita yule bwana, nikafunga mlango, nikamuuliza kama ameridhika na kazi. Ameniangalia kitambo, kisha akauliza: "Hili jibu linapelekwa kwa nani?"

Zamu ya Usiku: Msalimie sana.