Kadi ya CAMRA na punguzo la baa: inamlipa mnywaji wa painti mbili kwa wiki?

MmachameUgenini

Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri, hasa kwa mliokaa Uingereza muda mrefu na mliowahi kusimama nyuma ya kaunta.

Nipo Sheffield mwaka wa tatu sasa. Kila Ijumaa tukitoka kazini tunakwenda baa watu wanne, na wenzangu ni wanywaji wa bia za pipa, zile zinazovutwa kwa pampu ya mkono, wenyewe wanaziita real ale. Mimi nilikuwa mtu wa laga tu. Siku moja wakaniagizia, nikaonja, nikakumbuka mbege ya nyumbani. Si kwa ladha, maana hii haina ndizi wala ulezi. Nilikumbuka ule uhai wake. Haijapozwa mpaka ulimi ukafa ganzi, haina gesi ya kukereketa koo. Tangu siku hiyo laga sijaigusa.

Mmoja wetu ni mwanachama wa CAMRA, chama cha kuzitetea bia hizi. Ana kadi, na kwenye baa kadhaa akiionyesha anapunguziwa: kwingine peni 20 kwa painti (glasi ya nusu lita na kidogo), kwingine asilimia 10. Ananihimiza nijiunge. Ada ya mwaka inazidi pauni 30.

Sasa kilichonileta hapa. Ijumaa iliyopita raundi, yaani kununulia meza nzima, ilikuwa zamu yangu. Jamaa akanipa kadi yake niende nayo kaunta. Mhudumu akaiangalia, akaniangalia, akasema punguzo ni la mwenye kadi, tena kwa painti yake yeye, si za meza nzima. Alisema kwa sauti na foleni yote ikasikia. Nikalipa bei kamili, nikarudi mezani moyo umeniingia giza. Sikwenda kudandia haki ya mtu, nilidhani ndio utaratibu wao. Mpaka leo linaniuma.

Nataka kujua kama nilikosea mimi au mhudumu. Na je, mtu wa painti mbili kwa wiki ana sababu ya kulipa ada hiyo? Kuna kitu kingine pia kinanikera: baa zenyewe kila siku tunasikia zinafungwa. Kumwomba mwenye baa anipunguzie huku naona hali yake, ni sawa kweli?

---

Babu_wa_Leeds

Pole sana mdogo wangu. Nimekuwa mwanachama muda mrefu, ngoja nikueleze ninavyojua.

Kanuni za punguzo anapanga mwenye baa, chama hakimpangii. Kuna baa wanapunguza kwa raundi nzima ilimradi mwenye kadi ndiye anayelipa. Kuna wanaopunguza painti ya mwanachama tu. Wengine punguzo lao ni Jumatatu hadi Alhamisi. Karibu kote ni kwa bia ya pipa, laga na mvinyo havimo. Lakini kadi ni ya mtu, ina jina lake. Kumpa mwenzako aende nayo kaunta hapana, na hapo aliyekosea ni rafiki yako mwenyeji, wewe ulimwamini. Mhudumu alikuwa na haki ya kukataa, ila angeweza kuinama akakwambia taratibu. Mtu mzima hasemeshwi hivyo mbele za watu.

Dawa yake ni kuuliza kabla pampu haijavutwa. "Mnapunguza kwa wanachama wa CAMRA?" Basi. Ukiuliza baada ya bei kupigwa kwenye mashine unamsumbua kufuta na kuanza upya, na foleni ndipo inapokutolea macho.

Na usichanganye punguzo na vocha. Sisi wa zamani tulikuwa tunatumiwa vocha za peni 50 za kutumia kwenye baa za Wetherspoon, moja kwa painti moja, na baadaye mpango ukafunguliwa kwa kampuni nyingine za baa. Wapo wazee watakaokusimulia vocha ukadhani ndizo kadi. Ni vitu viwili.

---

Dada_wa_Kaunta

Nimefanya kazi baa miaka sita, minne kati yake nikiwa ndiye ninayeshuka chini kuangalia mapipa. Swali lako la mwisho limenigusa kuliko yote, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Bia ya kegi, lile pipa la chuma linalosukumwa kwa gesi, kwa kawaida imeshauawa kiwandani: imechujwa, mara nyingi ikachemshwa kidogo, ikawekwa gesi. Inakaa wiki kadhaa bila shida. Bia ya pipa inakuja baani chachu ikiwa bado hai ndani, inaendelea kuchachuka humo humo. Ikifika tunailaza, tunagonga kigingi cha mbao laini juu ili gesi ya ziada itoke, tunaiacha itulie siku moja au mbili. Nyingi zimewekwa dawa ya kutuamisha chachu, inayotengenezwa kwa mfuko wa hewa wa samaki. Ndugu zangu wa Mwanza, ndiyo mabondo hayo mnayoyajua. Chachu inashuka, bia inang'aa. Chumba chenyewe kinatakiwa nyuzi 11 hadi 13, kikizidi hapo umeharibu, kikipungua ladha inalala.

Sasa sikiliza. Ukishalifungua pipa hewa inaingia, na kuanzia hapo una kama siku tatu za bia nzuri. Ikizidi inaanza kuchacha, mwanzo harufu, kisha ladha ya siki. Pipa la kawaida ni galoni 9, yaani painti 72, na chini kuna machicha yasiyouzika. Siku tatu, painti karibu 70. Piga hesabu Jumatatu na Jumanne za Januari baani kuna wateja kumi na mmoja na nusu yao wanakunywa laga. Nimemwaga bia kwenye sinki mara nyingi, na kila mara niliumia, maana kuna mtu aliamka alfajiri kuipika.

Ndiyo maana punguzo lipo. Chama hakimrudishii mwenye baa hata peni moja, linatoka mfukoni mwake. Lakini mwanachama mmoja anayekuja Jumanne na wenzake watatu wakanywa painti nane anaisogeza bia ikiwa bado nzuri, na mteja wa Jumatano naye anaikuta nzuri. Kwa hiyo usione unamnyonya. Kama ameandika kwamba anapunguza, amelitaka mwenyewe. Kinachomuumiza ni mtu anayedai punguzo mahali ambapo halipo, au anayebishana.

Mhudumu wako alikosa adabu. Mimi nisingemsema mgeni hivyo.

---

Hesabu_Kwanza

Mkuu tuweke namba. Tuseme ada ni pauni 36. Painti mbili kila Ijumaa ni kama 100 kwa mwaka ukiondoa likizo. Kwa punguzo la peni 20 unarudisha pauni 20, umepata hasara ya 16. Kwa asilimia 10, painti ikiwa pauni 4.50, unapunguziwa peni 45, jumla pauni 45, faida yako pauni 9. Na hapo nimechukulia kila Ijumaa mko kwenye baa inayopunguza, jambo ambalo si kweli. Ukihudhuria matamasha ya bia ya chama mambo yanabadilika, maana mengi wanachama wanaingia bure au kwa bei ya chini.

Ila mimi nataka nikuonyeshe pesa nyingine ambayo watu wengi wanaiacha kaunta. Painti ni mililita 568. Mwongozo wa wafanyabiashara wa baa unasema bia yenyewe isipungue asilimia 95, iliyobaki ni povu. Asilimia 5 ya pauni 4.50 ni zaidi ya peni 22. Yaani glasi yenye povu nene imekula punguzo lako la peni 20 na kupita! Wakikupa pungufu, rudisha glasi kwa upole, omba waongeze. Wanaongeza, ni kawaida kabisa huku, na huhitaji kadi. CAMRA wenyewe wamepigania painti kamili miaka na miaka.

---

Mnywaji_wa_Pole

Naheshimu mchango wa Dada lakini nina msimamo tofauti. Baa nyingi hapa si mali ya anayeziendesha. Anapanga kwa kampuni kubwa, na mkataba unamlazimisha anunue bia kwao kwa bei ya juu kuliko ya soko. Mtu wa namna hiyo faida yake kwa painti ni ndogo sana. Mimi nina kadi, na kwenye baa ndogo ya mtaani kwetu siionyeshi kamwe, hata tangazo likiwa ukutani. Naionyesha kwenye baa kubwa za mjini tu. Ile ya mtaani ikifungwa hakuna peni 20 itakayoirudisha.

---

Dada_wa_Kaunta

Mnywaji nakuelewa, na moyo wako ni mzuri. Ila muulize mwenye baa wako mwenyewe. Wa kwetu alikuwa anafurahi kadi ikitoka, kwa sababu alijua huyu ataionja bia kwa makini, ataipa alama, na alama zikiwa nzuri baa inaweza kuingia kwenye kitabu.

---

Babu_wa_Leeds

Hapo Dada amegusa kiini. Wanachama tunazipa bia alama kuanzia 0 hadi 5, na matawi yanatumia alama hizo kuchagua baa za kuingia kwenye *Good Beer Guide*, kitabu chenye baa kama 4,500 nchi nzima. Baa ikiingia humo, watu wanasafiri kuifuata.

Chama kilianzishwa 1971 na vijana wanne wa Kiingereza wakiwa matembezini Kerry, Ireland, wakati viwanda vikubwa vilipokuwa vinaliua pipa ili kuuza kegi. Kama si wao, hiyo bia iliyokukumbusha mbege huenda usingeikuta. Mimi ada naihesabu hivyo, punguzo nalichukua kama asante.

---

Muuguzi_Hull

Neno moja tu. Ushauri wa afya wa hapa ni yuniti (kipimo cha kilevi) zisizozidi 14 kwa wiki, na painti ya asilimia 4 ina kama 2.3. Yaani painti sita ndio mwisho. Kaka, mbili zako ziko ndani ya kiwango hicho. Usizifanye nne ili "kurudisha ada". Nimewaona waliofanya hivyo.

---

MmachameUgenini

Mrejesho wakuu. Asanteni sana, hasa Dada wa Kaunta, nimekusoma mara tatu.

Jana nilikwenda peke yangu mtaa wa Kelham Island, Fat Cat, baa ya tangu 1981. Niliketi nikamweleza mzee mmoja habari ya mbege: kwamba inanywewa mapema kabla haijawa kali, kwamba haiwekwi chupani ikasubiri mwezi, kwamba mama anayeipika anajulikana kijiji kizima kwa mkono wake. Akasema hiyo ndiyo bia yenyewe. Akaniuliza ulezi unauzwa wapi hapa mjini.

Nimeamua kujiunga. Hesabu inanionyesha huenda nisirudishe ada, na nimekubali. Kwa baa ya mtaani nitafanya alivyosema Dada, nitamuuliza mwenyewe. Rafiki yangu nimemweleza kuhusu kadi, ameomba radhi, raundi ijayo anakwenda kaunta mwenyewe.

Baa ya ule usiku sijarudi bado. Dada, ukiwa kaunta, mtu akirudi baada ya jambo kama lile, mnamkumbuka?

---

Dada_wa_Kaunta

Tunamkumbuka, mdogo wangu. Nenda Jumanne, pakiwa pametulia, na kadi yako mwenyewe. Muulize bia ipi imefunguliwa leo.