Nifanyeje niandike maisha ya Bibi angali hai?

Mjukuu wa Ilala

Ndugu zangu, naomba ushauri katika jambo linaloninyima usingizi. Kitambulisho cha bibi yangu mzaa mama, tunayeishi naye hapa Ilala, kinasema alizaliwa mwaka 1942, ingawa mwenyewe husema mwaka huo alikadiriwa tu na karani. Familia imenikabidhi kazi ya kuandika maisha yake ili vitukuu wapate kuyasoma. Nimekaa naye mara tatu, na kila ninapoweka simu mezani na kumuuliza aliolewa mwaka gani, hunijibu neno moja, kisha huniuliza kama nimekula. Lakini jioni, akichambua mchele barazani, husimulia mambo ambayo sijapata kuyasikia, nami huwa sina hata kalamu. Yale machache niliyoyaandika niliyapanga kwa Kiswahili cha shuleni, na nilipomsomea aliniuliza, "Huyo ni nani?" Nianzie wapi?

Mwalimu mstaafu, Temeke

Mwanangu, tatizo lipo katika swali lako la mwaka. Wazee wengi wa umri huo hawakuhesabu maisha kwa kalenda, walihesabu kwa matukio. Muulize kama alikuwa bado mwali au ameshaolewa usiku wa Uhuru, Desemba 1961. Mtoto gani alikuwa mgongoni zilipoletwa shilingi zetu wenyewe mwaka 1966. Nani wa nyumbani kwenu alikwenda vita vya Kagera. Na alipanga foleni wapi kutafuta sukari na sabuni mwanzoni mwa miaka ya themanini. Miaka utaijaza mwenyewe baadaye. Akiutaja Mtaa wa Kichwele, usimsahihishe kwamba sasa ni Uhuru, kwa kuwa jina analolitumia linakuonyesha ni lini aliufahamu mtaa huo.

Kisha mwombe akufungulie sanduku la khanga. Mimi nilifanya hivyo kwa mama yangu mkubwa, ambaye kwa miaka yote alisema hana la kusimulia. Kila khanga ilikuwa na jina lake na sababu yake: hii aliletewa na mumewe baada ya ugomvi wa wiki nzima, hii alijifunga siku ya arobaini ya mama yake, hii aliivaa makusudi kumjibu mke mwenzie bila kufungua kinywa. Tulikaa alasiri nne juu ya sanduku moja na hatukufika chini. Yanakili maneno ya kila khanga kama yalivyochapwa, na umpige picha Bibi akiwa ameishika. Nasikitika mpaka leo kwamba mimi sikupiga hizo picha, kwani baada ya msiba khanga ziligawanywa na sasa hakuna ajuaye ipi ilikuwa ya nini.

Binti wa Kigamboni

Kaka, naongeza jambo moja ambalo wanaume husahau. Kwa kuwa wewe ni mjukuu wake wa kiume, na bila shaka Bibi hukuita "mume wangu", atakutania na kukueleza mengi, lakini mambo ya unyago na ya uzazi hatakueleza wewe, wala si adabu kumlazimisha. Mtume dada yako, akae naye ndani peke yao, na Bibi aamue lipi liandikwe na lipi libaki humo chumbani. Kwetu tuliandika kisa cha ndoa ya kwanza ya shangazi bila kumsomea kwanza, na watoto wake walikijua siku ya kugawa nakala. Hajatusimulia kitu tena tangu siku hiyo. Msomee kila sura, na akisema "hilo toa", litoe.

Fundi wa vitabu, Kariakoo

Nawapigia chapa watu kazi za namna hii, kwa hiyo nitasema la kiufundi tu. Simu usiiweke mezani kama ya polisi. Iache juu ya mkeka karibu na ungo, ukiwa umemwambia kwamba inarekodi na amekubali. Siku hiyo hiyo hamishia sauti kwenye flashi mbili, moja ikae kwa ndugu mwingine, na kila faili lipewe tarehe. Kunakili saa moja ya mazungumzo huchukua saa nne au zaidi, basi usiahidi kitabu kwa mwezi mmoja. Unaponakili, acha "nalikuwa" yake na maneno yake ya Kizaramo kama alivyoyasema.

Mjukuu wa Ilala

Ahsanteni sana. Dada yangu amekubali kuja Jumamosi. Jana nilimuuliza Bibi kuhusu sanduku, akanyamaza kidogo, kisha akanituma uvunguni nilivute. Khanga ya juu kabisa alisema ni ya siku alipozaliwa mama yangu. Tulizungumza mpaka ikaadhiniwa Isha, na mchele ukabaki haujachambuliwa.