Tumenunua M5Stack Basic ya klabu ya sayansi: nikague nini kabla ya kuifunga kihisi cha maji?

MwalimuWaKano
Hamjambo wanajukwaa. Nafundisha fizikia katika shule ya sekondari huku uwanda wa Kano na nasimamia klabu ya sayansi. Wanafunzi wangu wanataka kuunda kifaa cha kupima kimo cha mto Nyando, kitoe onyo mapema mvua ikiwa kubwa huko milima ya Nandi. Anayeishi Ahero hahitaji kuelezwa kwa nini wamechagua jambo hilo. Baadhi yao maji huwafuata hadi mlangoni kila masika.

Tumefungua boksi la M5Stack Basic, kompyuta ndogo ya kuprogramu, pamoja darasani. Kifaa chenyewe ni mraba wa milimita 54 kila upande, kinaenea kiganjani. Juu kuna skrini ya inchi 2 na vitufe vitatu chini yake. Ubavuni kuna kitufe chekundu cha kuwashia, tundu la USB-C na tundu jekundu la pini nne. Kitako kimezungukwa na pini zilizoandikwa namba. Kuna pia kebo na waya za jampa. Ubongo wake ni ESP32 ya kampuni ya Espressif, ya megahezi 240, yenye Wi-Fi na Bluetooth.

Wanafunzi wanataka kuunganisha leo leo kihisi cha HC-SR04, kinachopima umbali kwa kutuma sauti na kusubiri mwangwi wake. Nimewazuia kwanza. Naomba mnisaidie: nikague nini kabla ya umeme kupita? Je, kihisi hicho kinafaa? Na hii betri ya ndani itaweza kazi ya mtoni?

FundiKondele
Mwalimu, umefanya vyema kuwazuia. Anza bila umeme. Kitako huchomolewa, lakini kivute wima kwa kucha pande zote mbili polepole, usikipindue, maana katikati kuna pini 30 zinazounganisha tabaka za kifaa, yaani vipande vinavyopangwa kimoja juu ya kingine, na zikipinda ni taabu kuzinyoosha. Kwa ndani utaona betri bapa. Tazama kama imevimba au waya wake umebanwa. Ukimaliza rudisha kitako hivyo hivyo wima. Na wanafunzi waijue sheria hii tangu siku ya kwanza: tabaka haliongezwi wala kutolewa kifaa kikiwa kimewaka.

Kisha chomeka USB, bonyeza kitufe chekundu mara moja. Kuzima ni mara mbili haraka. Laptopu isipokiona kifaa, badilisha kebo kabla ya kulaumu kitu kingine. Kebo nyingi za simu mitaani ni za chaji tu, hazina nyaya za data. Ikikataa bado, weka draiva, yaani programu inayowezesha laptopu kuongea na chipu ya USB ya kifaa. Matoleo ya zamani hutumia chipu ya CP2104 na mapya CH9102, kwa hiyo draiva ya rafiki yako huenda isikufae.

Jaribio la kwanza liwe vitufe: viko kwenye pini 39, 38 na 37. Andikeni programu ya kuonyesha kwenye skrini kitufe kipi kimebonyezwa. Hapo mtakuwa mmekagua skrini, vitufe na njia ya kupakia programu kwa mkupuo mmoja.

AkinyiSaketi
Mwalimu, soma hili kabla ya jingine lolote. HC-SR04 hutumia volti 5 na pini yake ya Echo, inayotoa ishara mwangwi ukirudi, hurudisha volti 5. Pini za ESP32 ni za volti 3.3, hazijaundwa kubeba 5. Nimeletewa mezani bodi ambazo zinawaka vizuri kabisa ila pini moja imekufa, na sababu huwa hiyo.

Dawa ni rezista tatu za kilo-omu 1. Moja itoke Echo hadi pini 36. Mbili zilizofuatana zitoke pini 36 hadi graundi. Pini itapata theluthi mbili za volti 5, yaani kama 3.3. Wewe ni mwalimu wa fizikia, hilo ni somo tayari! Waache wapime kwa multimita wenyewe kabla ya kuunganisha.

Trig, pini ya kihisi inayopokea amri ya kutuma sauti, iweke pini 26. Usiiweke 35 wala 36, kwa sababu hizo hupokea tu, haziwezi kutoa ishara. Pini 25 ni ya spika. Pini 12 iacheni, ikipewa volti wakati wa kuwasha kifaa kinaweza kukataa kuanza.

Mtu_wa_Maseno
Mimi ningenunua ESP32 tupu. Ubongo ni ule ule na bei ni ya chini sana.

AkinyiSaketi
Kwa fundi, sawa ndugu yangu. Kwa watoto thelathini wanaopokezana kifaa mkononi, skrini iliyokwisha kufungwa na kasha gumu ni akiba ya kweli. Isitoshe, wanaoanza wanaweza kuprogramu kwa kupanga vipande vya picha kwenye UIFlow, na waliokomaa waandike programu kwa Arduino au MicroPython, kifaa kikiwa kile kile.

MwalimuWaKano
Asanteni sana. Dada Akinyi, nimechora saketi yako ubaoni na kesho wataipima. Limebaki suala la betri na la mtoni.

FundiKondele
Betri hiyo ni ya milliampea-saa 110 tu. Skrini na Wi-Fi zikiwaka haimalizi saa moja. Ichukulieni kama ya kuvusha umeme ukikatika kidogo. Mtoni mtahitaji paneli ya sola na betri kubwa ya nje. Mkifikiria kulaza kifaa ili kuokoa chaji, jueni kwamba chipu ya IP5306 inayosimamia umeme huzima kila kitu ikiona matumizi ni madogo mno. Kwenye maktaba ya Arduino ya M5Stack kuna amri ya kuizuia, setPowerBoostKeepOn.

HC-SR04 haistahimili maji. Tafuteni JSN-SR04T, ambayo kichwa chake hakiingizi maji. Ila haioni kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 25 hivi, kwa hiyo ifungwe juu ya alama ya mafuriko makubwa kwa zaidi ya hapo. Kufunga kitu darajani kunahitaji ruhusa. Anzeni na tangi la shule.

Mtu_wa_Maseno
Mwalimu, hapo nina la kuchangia. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzijoto 20, lakini kwenye 30, ambayo huku ni mchana wa kawaida, hufika kama 349. Mto ukiwa mita 3 chini ya kihisi, kosa ni takriban sentimita 5. Chomekeni kihisi cha joto cha ENV kwenye lile tundu jekundu, pini 21 na 22, programu irekebishe kasi yenyewe. Pimeni tangi asubuhi na saa nane mchana, bila marekebisho na ukiwa nayo, mchore grafu zote mbili.