Tupeane uzoefu: askari wako wa kwanza uliyemkata kichwa ukamvika kingine

Mpiga Brashi (Coventry)
Wakuu, heshima kwenu. Najua tupo wachache humu tunaopaka rangi vijisanamu vya askari wa kale, wale wa milimita 28, na wengi tunajificha. Mtu akikukuta na miaka yako arobaini unampaka Mviking suruali, anakuuliza kama nyumbani kwema. Leo tutoke mafichoni. Uliharibu nini, na uligeuza nini kikawa nini?

Naanza mimi. Boksi langu la kwanza lilikuwa la mtumba: Waviking 30, wale wapiganaji wa baharini wa kaskazini mwa Ulaya, wote na pembe kichwani kama beberu. Nikapaka kumi kwa raha zangu. Baadaye ndio nasoma kwamba haijawahi kuchimbuliwa kofia hata moja ya Viking yenye pembe. Ile maarufu ya Gjermundbu, iliyopatikana Norwei mwaka 1943, ni bakuli la chuma lenye kinga ya macho kama miwani, basi. Pembe tumeletewa na mavazi ya opera ya Wagner, mtunzi wa Kijerumani, ya mwaka 1876. Kumbe muda wote nilikuwa napaka waimbaji!

Nikaanza kukata. Plaizi inabana plastiki na kuacha kidonda cheupe, wembe ndio wenyewe, ila ukate kwenda mbele. Mimi nilikata kuja kwangu, kidole gumba kikala nyuzi tatu. Mviking mmoja ana damu ya kweli kwenye joho mpaka leo, nimemwachia. Ilivyokauka imekuwa kahawia, karibu nyeusi. Tangu hapo siweki nyekundu ya kung'aa kwenye shoka la mtu.

Ufagio wa Chelewa (Mombasa)
Pole sana ndugu yangu. Mimi niko na wale wadogo wa kipimo cha 1/72 ya mtu halisi, plastiki laini, kwa sababu ukiagiza wakubwa huku nauli inashinda bei ya mzigo. Shida yao ni kwamba wanapinda, na wakipinda rangi inabanduka kama ngozi ya nyoka. Nilipoteza jeshi zima la Harold, mfalme wa Waingereza, hivyo, wapiganaji wa vita vya Hastings vya 1066 dhidi ya Wanormandi, wakabaki uchi wa plastiki.

Sasa nawaosha kwanza kwa sabuni ya vyombo, maana hutoka kiwandani na mafuta mafuta, halafu nawapaka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji. Ikikauka ndio nampaka rangi. Haijabanduka tena.

Na mikuki ya kiwandani ni minene kama mchi. Naikata yote, natoboa ngumi kwa sindano iliyopashwa moto, napitisha chelewa. Chukua ncha ya chelewa, si shina, na usizidi sentimita tatu na nusu. Mama alishaniuliza mbona ufagio wake unazidi kuwa kipara.

Masharubu (Leeds)
Mimi nimegeuza Wanormandi kuwa Wasaksoni, yaani Waingereza wa Harold, kwa masharubu tu. Ukitazama ile nguo ya Bayeux, karibu mita 70 za vita hivyo vya Hastings vilivyotarizwa, deraya ni zilezile pande zote mbili, na ngao ndefu zilizochongoka chini wanazo wote. Tofauti iko nyweleni: Mwingereza ana masharubu, Mnormandi amenyoa kisogo. Kwa hiyo boksi moja linatosha majeshi mawili.

Pati ya epoksi, ile ya bluu na njano unayofinyanga mpaka iwe kijani, chukua kipande kidogo kuliko ufuta. Lowesha sindano kwa maji, la sivyo itang'ang'ania chombo na kuuacha uso. Bandika, gawanya katikati, vuta kila upande kidogo. Wa kwanza wangu alionekana ameuma kambare. Nimemweka safu ya nyuma.

Mama Wawili (Dar)
Kaka zangu, jamani, msipulize vanishi mwezi wa nne! Nilipulizia askari ishirini uani, mvua imetoka kukatika, hewa nzito. Nikaenda kugeuza wali. Narudi, wote weupe, kama wamemwagiwa unga. Wiki tatu za kazi hizo. Kilichoniokoa ni vanishi ya kung'aa ya kupaka kwa brashi, ukungu ukapotea, nikasubiri siku kavu ndio nikarudishia ile isiyong'aa.

Mtazamaji
Kwa hiyo watu wazima mnacheza na wanasesere?

Mama Wawili (Dar)
Ndiyo. Na wewe uangalie mpira wako salama.

Mwana wa Makunduchi (Muscat)
Assalaam aleikum. Mimi Waviking siwajui sana, zaidi ya kwamba walizika dirhamu zetu ardhini kule Gotland, kisiwa cha Uswidi, kwa maelfu. Nilichofanya ni kuwageuza askari wa miguu wa Kiarabu kuwa Wazanji, wale watumwa weusi walioasi karibu na Basra mwaka 869 chini ya Ali bin Muhammad, wakasimama miaka 14 dhidi ya majeshi ya khalifa. Kazi waliyotumikishwa ilikuwa kukwangua ardhi ya chumvi mabwawani. Sijaona boksi lao dukani, hivyo ilibidi nikate: vilemba nikaviondoa, nikaweka vichwa vitupu, majoho nikayafupisha hadi magotini.

Tabu ilikuwa ngozi. Kichupa kilichoandikwa "rangi ya ngozi", nakifungua, waridi kama ufizi! Nikachukua kahawia, nikaongeza nyeupe kwenye mashavu na vipaji vya uso. Wakatoka wamepauka, kama watu walioamka bila kujipaka mafuta. Nikawafuta wote. Mara ya pili nilianza na kahawia iliyokolea yenye tone la bluu, nikapandisha kwa kahawia yenye rangi ya chungwa, nyeupe sikuigusa kabisa. Viganja nikavipa wekundu mwepesi. Hapo wakapata uhai. Niliweka mkono wangu mwenyewe chini ya taa kuwa kielelezo.

Kosa langu kubwa: chini ya miguu yao nilinyunyiza chumvi ya kweli, nikijiona fundi. Wamesimama juu ya washa za chuma, zile pete bapa za kuwekea nati. Ikaja joto la Julai na unyevu wake, chumvi ikavuta maji, washa zote zikala kutu. Sasa ni rangi nyeupe tu, nagusisha kwa sponji.

Mpiga Brashi (Coventry)
Mzee wangu, shikamoo. Nimeipanua ile picha yako. Vile vitovu vya ngao vinavyong'aa, umetengeneza kwa nini?

Mwana wa Makunduchi (Muscat)
Marahaba. Vichwa vya pini za mtandio za mke wangu. Bado hajazihesabu.