Kocha anamtoa mwanangu takoli wa kushoto ampeleke gadi. Nikubali au nimhamishe shule?

Baba wa 74
Wakuu salaam. Nipo Texas, upande wa Fort Worth. Naomba ushauri kwa wanaoujua mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti, na hata wasioujua wenye watoto.

Kijana wangu anaingia darasa la 12 mwezi wa 8. Misimu miwili iliyopita amekuwa takoli wa kushoto wa timu ya kwanza ya shule. Kwa wageni wa mchezo huu: mbele ya kwotabeki, yule mrushaji, wanapangwa watu 5. Senta yuko katikati, magadi wawili ubavuni mwake, matakoli wawili nje kabisa. Kwotabeki anayetumia mkono wa kulia akijiandaa kurusha, mgongo wake unabaki upande wa kushoto. Anayeulinda mgongo huo ni takoli wa kushoto. Ndiyo nafasi makocha wa vyuo wanayoulizia kwanza.

Sasa kwenye mazoezi haya ya mwezi wa 5 kocha anataka kumpeleka gadi wa kulia. Kushoto aweke kijana wa darasa la 10, mrefu kweli, lakini hajacheza hata mechi moja ya timu ya kwanza. Wa kwangu ana futi 6 na inchi 2, kilo 127. Mwaka wa mwisho, vyuo ndiyo vinatazama, halafu unamhamisha? Na timu itapata faida gani kuvunja safu iliyokwisha kuzoeana? Usingizi umenipaa kwa jambo hili.

Mnyama Damu
Mkuu, huo mchezo siuelewi, lakini kocha ni kocha. Guardiola alipofika Bayern 2013 alimkuta Philipp Lahm beki wa pembeni aliyekamilika, akamuingiza kiungo, watu wakapiga kelele. Mwisho wa msimu, 2014, Bayern mabingwa wa Ujerumani, na mwaka huohuo Lahm akarudi Kombe la Dunia akabeba kikombe akiwa nahodha. Muache mtu afanye kazi yake.

Mama Nasra
Mimi sijali kushoto wala kulia. Baba, unajua kinachotokea kwenye hivyo vichwa? Mwaka 2017 watafiti wa Boston walitoa majibu ya ubongo wa marehemu 111 waliocheza NFL, ligi kuu ya mchezo huo, 110 walikutwa na ule ugonjwa wa ubongo unaotokana na kugongwagongwa. Najua ubongo ule ulitolewa na familia zilizokuwa tayari na wasiwasi, si wachezaji wote. Lakini 110! Na wa safu ya mbele wanagongana kila mpira unapoanzishwa. Mngempeleka mtoto kuogelea.

Msukuma wa Minneapolis
Nijibu swali lililoulizwa. Naufuatilia mchezo huu tangu nilipokuja kusoma huku.

Kuhamishwa kwenda gadi si kushushwa. Zack Martin alikuwa takoli wa kushoto chuoni Notre Dame. Cowboys, timu ya NFL ya hapohapo Texas, walimchukua 2014, wakamuweka gadi wa kulia, na akawa miongoni mwa magadi bora kabisa wa kizazi chake. Mikono yake ilipimwa haifiki inchi 33, na maskauti wengi wanataka takoli mwenye inchi 34. Brandon Scherff vilevile: takoli wa kushoto chuo cha Iowa, timu ya Washington ikamchagua wa 5 kati ya wachezaji wapya wote mwaka 2015, akaenda gadi. Mekhi Becton alishindwa kutulia timu ya Jets akiwa takoli, akaenda Eagles 2024, wakamfanya gadi wa kulia, akavaa pete ya ubingwa msimu huohuo.

Kinachouma ni kinyume chake. Chiefs wa Kansas City mwishoni mwa msimu wa 2024 walimtoa Joe Thuney, gadi wa kushoto wa daraja la juu, wakamsogeza takoli kwa sababu hawakuwa na mtu. Fainali ya mwezi wa 2, 2025, dhidi ya Eagles, kwotabeki wao Mahomes aliangushwa mara 6, wakafa 40–22. Walitoboa tundu pawili: pembeni alipokwenda na ndani alipotoka. Kwa hiyo swali la timu yako ni hili: huyo wa darasa la 10 anaiweza kushoto? Kama hawezi, mtakuwa mmedhoofika sehemu mbili.

Futi 6 na inchi 2 vyuo vikubwa vitamtazama kama gadi vyovyote vile. Lakini kijana mwenyewe anasemaje? Maelezo yote hayo sijaona neno lake hata moja.

Wuod Ahero
Boss, sisi Wakenya tulishamtuma Daniel Adongo kutoka raga moja kwa moja hadi Indianapolis Colts 2013, na hakuwa amecheza huo mchezo maishani. Kijana wako kusogea hatua mbili kulia ndiyo ikunyime usingizi? 😂

Halafu nikuambie. Mimi shuleni nilikuwa golikipa. Siku moja mwalimu wa michezo akaniweka winga kwa sababu winga alikuwa na malaria. Nilifunga. Tangu siku hiyo sikurudi golini tena, na ndiyo raha yangu mpaka leo nikicheza na wazee wenzangu Jumapili. Sasa fikiria ningekuwa na baba wa kuandika malalamiko.

Baba wa 74
Msukuma, ahsante sana, umenifungua. Lakini huyo Martin alihamishwa akiwa tayari ameajiriwa. Wangu hana chuo bado. Video zake zote ni za kushoto. Kuhusu kijana, yeye ni mtoto, anafuata anachoambiwa na kocha.

Mama Nasra
Miaka 17, kilo 127, unamwita mtoto! Umeulizwa amesema nini, jibu.

Papa Goma
Mimi niko Dallas, vijana wangu wanacheza soka. Ndugu yangu, unaficha kitu. Mzazi ambaye kocha amemuonea mtoto wake anaanza na maneno ya mtoto: "mwanangu analia, mwanangu amekasirika." Wewe umeanza na vyuo.

Baba wa 74
Haya. Ni yeye aliyemfuata kocha.

Mwezi wa 11, mechi yetu ya mwisho, alipitwa kwa nje. Yule mshambuliaji akamfikia kwotabeki mgongoni, mtulinga ukavunjika. Kwotabeki ni rafiki yake wa tangu darasa la 6, anakula kwangu, mke wangu anamwita mwanangu. Hajamlaumu hata siku moja. Lakini kijana tangu hapo hataki kukaa kushoto. Alimwambia kocha kabla ya kuniambia mimi.

Mimi naona ni woga wa kupita. Ukimkubalia leo akimbie, atakimbia kila kitu. Ndiyo maana nimeshaongea na kocha wa shule nyingine, yuko tayari kumuweka kushoto, na nimelipa amana ya nyumba kwenye eneo la shule ile. Sijakurupuka. Kodi ni ileile, na kazini kwangu ni karibu zaidi.

Kasuku Mwekundu
Chai hii wakuu. Mtulinga umevunjika, rafiki wa tangu utotoni, baba mkali, mtoto anayeficha siri. Hii ni filamu ya Jumapili mchana. Na hesabu hazikai: yupo darasa la 11, amecheza timu ya kwanza misimu miwili, ina maana alianza darasa la 9? Texas? Watoto wa darasa la 9 huko wanacheza na wenzao. Mods, ufungeni uzi huu.

Wuod Ahero
Nilijua! Nimetoa hadithi yangu ya winga bure.

Mnyama Damu
Mtoa mada thibitisha. Mtu wa kweli anajua vitu vidogovidogo.

Baba wa 74
Kasuku, soma vizuri. Alianza timu ya kwanza darasa la 10, akaendelea la 11, ambalo ndilo analimaliza mwezi huu. Hiyo ni misimu miwili.

Mnataka vitu vidogo. Takoli wa kushoto anasimama mguu wa kushoto umerudi nyuma kidogo. Mpira ukianzishwa, wa kushoto ndio unaofungua kwenda nyuma, wa kulia unausukumia mwili, halafu hivyohivyo, hatua fupifupi, kiuno chini, asivuke miguu. Njumu zake za kulia zimelika upande wa ndani wa kidole gumba, za kushoto bado nzima. Kila mwaka tunanunua jozi mpya kwa sababu ya kiatu kimoja. Sasa hivi akitoka mazoezini wanapomjaribu gadi wa kulia, miguu inamgongana, kwa sababu kila kitu kimegeuka. Jana nimemkuta gereji, taa imezimwa, anajizoeza kurudisha mguu wa kulia. Hakujua nipo. Filamu gani hiyo?

Papa Goma
Mimi namwamini. Mambo ya njumu hawezi kuyatunga mtu asiyezinunua.

Msukuma wa Minneapolis
Nami namwamini, miguu ameieleza sawasawa. Kasuku, swali lako la darasa lilikuwa la haki, limejibiwa.

Baba, jambo la gereji ndilo lingekutosha. Mtu anayekimbia kazi hajizoezi gizani. Huyo anaihamia kazi mpya. Na kuhama upande ni kugumu kweli: Penei Sewell alikuwa takoli wa kushoto chuo cha Oregon, timu ya Lions ilipompeleka kulia 2021 alihangaika mechi za maandalizi, watu wakamcheka. Leo ni miongoni mwa matakoli bora wa ligi nzima. Tristan Wirfs naye alitoka kulia kwenda kushoto Tampa 2023, akabaki juu palepale. Wote walipewa muda wa kambi nzima kabla ya msimu. Wako anaanza mwezi wa 5, msimu unaanza mwisho wa mwezi wa 8. Muda upo.

Kuhusu wazazi, kuna Orlando Brown Jr. Baba yake aliicheza NFL, alitaka mwanawe awe takoli wa kushoto, akafariki 2011. Timu yake ya kwanza, Ravens, walikuwa wakimchezesha kulia. Alipopata nafasi ya kushoto 2020 hakutaka kurudi, akaomba kuondoka, akaenda Kansas City 2021 na akabeba ubingwa. Kwa hiyo sikuambii ndoto ya baba ni mbaya. Ila yule aliibeba mwenyewe, akiwa mtu mzima. Wako ameshasema anataka nini.

Na hili la kuhama litazame kwa makini kuliko yote. UIL, wanaosimamia michezo ya shule za serikali Texas, hawaruhusu kuhama kwa sababu za michezo. Shule aliyotoka inajaza fomu. Wakiona amehamia mpira, anazuiwa timu ya kwanza mwaka mzima wa kalenda. Kwa mtu wa darasa la 12, mwaka mzima ndiyo kila kitu. Na wewe umeongea na kocha wa kule kabla ya kuhama. Hilo ndilo wanalolitafuta.

Mama Nasra
Umeona? Ungemkosesha vyote viwili.

Baba wa 74
Fomu naijua. Nilipanga kueleza kuwa tumehama kwa sababu ya kazi yangu, na si uongo, ni karibu kweli.

Papa Goma
Ndugu yangu, na mtoto atasaini nini akiulizwa?

Kasuku Mwekundu
Samahani kwa chai. Nauliza kwa nia njema: mkataba wa nyumba umesaini au amana tu?

Baba wa 74
Amana tu. Mkataba ni wiki ijayo. Nimempigia mwenye nyumba kuuliza kama amana inarudi, hajajibu. Bado sijakubali kwamba gadi ndiyo jibu, niseme wazi. Huyo wa darasa la 10 akishindwa kushoto, kocha atamrudisha wangu katikati ya msimu, na atakuwa hana mazoezi ya upande wowote.

Msukuma wa Minneapolis
Hiyo hoja ni ya haki, mpelekee kocha hivyohivyo. Muombe mambo mawili. Kwanza, kijana aendelee kupata zamu chache za kushoto kila wiki, yule mdogo akishindwa asikutwe ameganda. Pili, mechi ya mazoezi ya mwisho wa mwezi huu wamrekodi akiwa gadi kuanzia robo ya kwanza. Vyuo vikiona mtu mmoja ana video za kushoto nje na kulia ndani, hawatasema ameshushwa. Na umuulize mwenyewe, mkiwa ndani ya gari, bila kocha wala mama yake.

Baba wa 74
Mechi ni Alhamisi. Nitaomba irekodiwe. Ya gari nitajaribu.