Mteja akitoroka na bili, mhudumu alipe?

Mwenye hoteli mmoja hapa katikati ya jiji la Nairobi ameandika akitetea kumkata mhudumu mshahara kila mteja anapotoroka bila kulipa. Anasema mhudumu ndiye mlinzi wa meza yake, na makato yakiondolewa, wahudumu watakula njama na marafiki zao. Mimi napinga.

Fikirieni hoteli ya barabara ya Tom Mboya saa saba mchana. Meza zimejaa, jikoni wanamwita mhudumu achukue pilau, na mteja anamwonyesha simu: ujumbe wa M-Pesa, kiasi kamili, jina la hoteli liko sawa. Kumbe ni feki. Ujumbe wa kweli huingia kwenye simu ya keshia, au ya mwenye hoteli aliye nyumbani. Jioni hesabu ikikosa kutimia, anakatwa yule ambaye hakuwa na njia yoyote ya kujua!

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inaruhusu makato ya mali iliyoharibika au kupotea kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Pesa zikipungua, hukatwa yule ambaye mkataba wake unamkabidhi pesa hizo, tena kwa uzembe au udanganyifu wake. Wahudumu wengi ninaowajua hawajawahi kupewa mkataba wa kuandikwa. Na hata makato yakiwa halali, kwa jumla hayapaswi kuzidi thuluthi mbili za mshahara.

Kuna jambo moja ninalokubaliana naye. Wako wahudumu wanaowapa wateja nambari zao wenyewe badala ya ya hoteli. Huo ni wizi, na unawachafulia jina wenzao wote. Lakini kifungu cha 41 kimeeleza la kufanya: mwite, mweleze kosa kwa lugha anayoielewa, aje na mfanyakazi mwenzake, msikilize, ndipo uamue kumfuta. Kazi hiyo ni ya mwajiri. Kukata kila mtu ni kuikwepa, na anayeumia zaidi ni mwaminifu, kwa sababu mwizi keshajilipa.

Isitoshe, siku hoteli ikiuza mara mbili ya kawaida, mhudumu hapewi hata shilingi ya ziada. Kwa nini basi hasara iwe yake?

Wenye hoteli mlio humu, nijibuni: nani kati yenu amempa mhudumu njia ya kuhakikisha malipo kabla mteja hajainuka mezani?