Niliagiza fimbo ya kuvulia yenye pambo la mkeka, fundi akanikabidhi fimbo nyeusi na kuniambia rangi zangu ni za kanga

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Kuna fundi hapa Dar es Salaam anayetengeneza fimbo za kuvulia kwa oda, ambaye jina lake sitalitaja. Alipokea nusu ya malipo kwa makubaliano tuliyoyaandika na kuyachora kwenye karatasi, kisha akatengeneza fimbo aliyoitaka yeye badala ya ile niliyoiagiza mimi. Nilipomuuliza sababu, alinijibu mbele ya wateja wengine: "Mdogo wangu, fimbo ni chombo cha kazi. Rangi hizo ni za kanga, na anayejua kuvua hahitaji maua." Wenzangu wawili tunaotoka nao baharini walishaambiwa maneno ya namna hiyo na mafundi wengine, kwa hiyo naona jambo hili lisemwe hadharani.

Oda yenyewe ilikuwa hivi. Nilitaka fimbo ya kurambaza, yaani ya kukokota chambo nyuma ya boti, kwa ajili ya nguru na jodari tunaowafuata nje ya kisiwa cha Mbudya na, bahari ikiruhusu, hadi Fungu Kizimkazi, kile kisiwa ambacho ramani hukiita Latham. Tulikubaliana juu ya ufito, yaani mwili wa fimbo, wa faibaglasi iliyochanganywa na kaboni, kiti cha alumini cha rili (gurudumu la kuzungushia mshipi), mshikio wa sponji ngumu, na pete za kupitishia mshipi zenye fremu ya chuma kisichoshika kutu na kauri kwa ndani. Juu ya mshikio wa mbele, kwa urefu wa kama shubiri moja na nusu, nilitaka pambo la almasi: nyuzi zinazopanda na kushuka kwa mshazari kuuzunguka ufito, zikikutana juu ya mistari iliyopimwa, kila uzi mpya ukilazwa kando ya ule uliotangulia mpaka almasi ikue. Rangi nilizichukua kwenye mkeka wa bibi yangu: zambarau, kijani, na katikati rangi ya ukindu wenyewe usiotiwa kitu. Kwingine kote nilikubali uzi mweusi. Fundi alichora, akapanga bei ambayo ndani yake kulikuwa na gharama ya pambo, akahesabu pesa, akaweka mfukoni.

Fimbo niliyokabidhiwa ni nyeusi tangu kitako hadi ncha, na bei haikupungua hata shilingi moja.

Fundi ana haki ya kukataa kazi asiyoipenda. Angeniambia siku ya kwanza kwamba hafungi mapambo, ama kwa kuwa hayapendi ama kwa kuwa hajui kuyafunga, ningemshukuru na kwenda kwingine bila kinyongo. Haki asiyokuwa nayo ni ya kupokea kazi, kula malipo yake ya awali, kisha kuitekeleza kwa ladha yake na kumdhalilisha mwenye pesa anapouliza. Fimbo hiyo nitaishika mimi kutwa nzima juani, na nitailipia mimi, kwa hiyo suala la inapendeza au haipendezi lilikwisha pale tulipokubaliana mchoro.

Baadaye alijaribu kujitetea kwa hoja za ufundi, na hizo nazo nazijibu, kwa sababu nimeona zikirudiwa na watu ambao hawajazichunguza. Ya kwanza ni uzito. Ni kweli kwamba kila gramu inayoongezwa karibu na ncha huidhuru fimbo: ufito unaporudi baada ya kupinda, uzito ulio mbali na mkono huuchelewesha, na mvuvi hupoteza hisia ya samaki anapogusa chambo. Ndiyo maana wanaojenga fimbo nyepesi za kurusha hubana matumizi ya uzi na epoksi (ile gundi ya majimaji inayopakwa juu ya uzi na kuganda) kwenye pete za juu, na wengine hulipia fremu za titani kwa sababu hiyohiyo na kwa sababu titani hailiwi na kutu ya bahari. Lakini pambo nililoliagiza linakaa juu tu ya mshikio, mahali ambapo ufito ni mnene kuliko kwingine na karibu haupindi kabisa, katika fimbo nzito inayobeba rili ambayo peke yake hufika kilo moja na zaidi. Gramu chache za uzi mahali hapo hazibadilishi lolote, na fundi mwenye uzoefu anaojinadi kuwa nao anapaswa kulijua hilo kabla ya kumhubiria mteja.

Ya pili ni kwamba rangi zingepotea. Hapa pana ukweli nusu. Uzi wa kawaida wa nailoni ukinywa epoksi hugeuka kuwa kama kioo: mwekundu huiva na kuwa mweusimweusi, mweupe hutoweka kabisa na ufito ukaonekana chini yake. Lakini dawa yake inajulikana miaka mingi. Kuna kimiminika cha kutunza rangi kinachopakwa juu ya uzi kabla ya epoksi, na kuna nyuzi zilizokwisha kutiwa dawa hiyo kiwandani. Wapo hata wanaoacha uzi unywe epoksi kwa makusudi, kwa sababu wanaipenda ile rangi iliyokolea inayopitisha mwanga, na nimeziona kazi zao zikipendeza sana. Mambo haya ni ya mwanzo kabisa katika kazi hii. Kumwambia mteja kwamba rangi haziwezekani ni kumdanganya.

Ya tatu, ambayo ndiyo iliyoniudhi kuliko zote, ni ile ya kwamba pambo ni jambo la wanawake na watoto, na kwamba fimbo ya kweli haipambwi. Mwenye kusema hivyo hajui ilikotoka kazi anayoifanya. Mafundi wa Marekani wa karne ya 19, kama Hiram Leonard aliyeanzia Maine, walijenga fimbo kwa vibanzi sita vya mianzi vilivyogundishwa pamoja, na mafundi wa zama hizo walizungushia uzi wa hariri kila baada ya nafasi ndogo, kwa kuwa gundi ya wakati ule haikuaminika ikipata maji. Gundi zilipoboreka, uzi ule haukuhitajika tena kwa kiasi kilekile, lakini haukuondoka. Ulipunguzwa, ukapangwa kwa rangi, na leo wako wanaotambua kazi ya fundi fulani kwa kutazama hariri yake tu. Japani wanazo fimbo za mianzi za Edo wazao, zinazopakwa laka ya urushi tabaka juu ya tabaka, ambazo serikali yao ilizitambua rasmi kuwa sanaa ya jadi mwaka 1991. Na hilo pambo la almasi nililoliomba ni la kawaida kabisa kwenye fimbo za bahari kuu za California na Florida, mikononi mwa watu wanaopambana na jodari na sulisuli ambao wengi wetu tunawaona kwenye picha tu.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Mtepe, chombo cha mababu zetu kilichoshonwa kwa kamba bila msumari, ulichorwa macho kwenye omo. Ngalawa na mashua zinazolala Msasani na Kunduchi zimepakwa rangi ubavuni na kuandikwa majina, na waliozipaka ni wanaume wanaokwenda usiku baharini na kurudi na kitoweo chetu. Hakuna anayesimama ufukweni kuwaambia kwamba chombo cha kazi hakipakwi rangi. Kama rangi za ukindu zinafaa kukaliwa na kuswaliwa juu yake, sioni aibu yoyote ya kuzishika mkononi nikiwa baharini.

Tena kama hoja ni samaki tu, fimbo yenyewe haina kazi. Nendeni soko la samaki la Feri alfajiri muwaulize waliovua kwa mshipi wa mkono, wanaokuja na changu na chewa bila kumiliki fimbo maishani mwao. Sisi tunaoagiza fimbo tumeichagua kwa sababu tunapenda kuvua kwa namna hiyo, na katika kupenda huko yamo macho, mkono, na raha ya kuwa na kitu kilichotengenezwa kwa ajili yako na si kwa ajili ya mwingine yeyote. Hiyo ndiyo maana pekee ya kutengenezewa fimbo kwa oda. Anayetaka nyeusi iliyo tayari ataipata dukani kwa bei ndogo zaidi.

Siwadharau wanaopenda fimbo isiyo na pambo. Rafiki yangu wa Kigamboni ana fimbo ya kijivu isiyong'aa, imefungwa kwa uzi wa kijivu, na ni miongoni mwa fimbo nzuri nilizowahi kuzishika; usafi wa kazi ndio urembo wake. Mimi nami nina nisivyovipenda: sipendi unga wa kumetameta unaochanganywa kwenye epoksi, wala stika kubwa za samaki anayeruka. Lakini kipenda roho hula nyama mbichi, na kama mwenye fimbo ameviomba na amevilipia, afungiwe vizuri, kwa mkono uleule ambao fundi angeutumia kwenye kazi anayoipenda mwenyewe.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limenifanya nisikubali kunyamaza. Huyu aliyenihubiria kwamba kazi ni muhimu kuliko urembo, kazi yenyewe hakuifanya. Rili ya kurambaza hukaa juu ya fimbo na pete zake pia huwa juu, kwa hiyo fimbo ikipinda, mshipi hushuka kuelekea kwenye ufito. Pete zikiwa chache au nafasi zake zikikosewa, mshipi huugusa ufito na kuusaga. Ndiyo maana fundi makini hufunga pete kwa muda kwa vipande vya utepe, hupitisha mshipi, hutundika uzito, na kuzisogeza mpaka mshipi ufuate mpindo bila kugusa popote, ndipo afunge uzi. Nilipofika nyumbani nilitundika ndoo ya maji ya lita 10, na mshipi ukalala juu ya ufito kati ya pete ya tatu na ya nne. Hakuna jaribio lililofanyika.

Epoksi nayo ina ukungu mweupe, na kwenye pete mbili za juu inanata hadi leo. Hewa yetu ina unyevu mwingi, hasa wakati wa masika, na epoksi inayopakwa katika hewa hiyo bila tahadhari hupata ukungu. Kunata kwake kunatokana na resini na kigumishi, vile vimiminika viwili vya epoksi, kupimwa kwa makadirio, au kutokorogwa vya kutosha, wakati vipimo vyake hutakiwa kuwa sahihi, na bomba la sindano la kupimia hupatikana katika duka lolote la dawa. Tena imejikusanya upande mmoja kama nta ya mshumaa, jambo linaloonyesha kwamba fimbo haikuzungushwa polepole kwa mota kwa saa zinazotakiwa. Na imejaa zaidi wapi? Kwenye ncha, palepale ambapo uzito unadhuru. Aliyeninyima pambo kwa kisingizio cha uzito ameniongezea uzito mahali pabaya kuliko pote.

Ninachodai kinatekelezeka. Ufungaji wa uzi unaondolewa: wembe hupitishwa juu ya mguu wa pete, kamwe si juu ya ufito, kisha hewa ya moto ya wastani hulainisha epoksi na uzi ukamenyeka. Pete zirudishwe upya baada ya kujaribiwa kwa uzito mbele yangu, na pambo lifungwe kama mchoro unavyoonyesha. Kama hataki kulifunga, basi anirudishie gharama ya pambo pamoja na gharama ya fundi mwingine atakayezifunga pete upya. Ujumbe huo ameshaupata kwenye simu yake, ameusoma, na hajajibu.

Wakati nikimsubiri, ninaomba wale waliowahi kufungiwa pambo la almasi au la mishale hapa Dar es Salaam, Tanga au Zanzibar waweke picha za karibu za eneo la juu ya mshikio na za pete za ncha, waseme epoksi ilikauka baada ya muda gani, na kama fundi aliijaribu fimbo kwa uzito kabla ya kufunga. Mafundi wanaofanya kazi hii nao wanakaribishwa kuniandikia faragha, waniambie mapema kama rangi ya zambarau inawakera.